Vali Nyuma ya Bega: Kwa Nini Injini za Ndege za Kujiundia Huzima Angani

Ikisikika kwamba ndege iliyoundwa na mtu nyumbani kwake imeanguka, wengi huwaza bawa limechomoka, au fundi wa kujitangaza aliyeunga mabati akajiita mhandisi. Hayo hutokea, lakini si mara nyingi. Mara nyingi zaidi ndege hukutwa shambani au majini ikiwa na mabawa yake yote mawili na mkia wake, na injini ambayo ukiifungua huoni kilichovunjika ndani. Ilizima tu. Ukifuatilia ni kwa nini ilizima, unaishia kwenye mpira wa petroli, kwenye chujio, kwenye nati ya bei ya chini kabisa dukani, au kwenye vali iliyofungwa mahali ambapo mkono wa rubani haufiki.

Ndege hizi ziko nyingi zaidi Marekani, na huko ni jambo halali kabisa. Sheria inataka sehemu kubwa ya kazi ya kuiunda, yaani zaidi ya nusu, iwe imefanywa na watu waliofanya hivyo kwa kujifunza au kujiburudisha. Kiwanda kinaruhusiwa kukuuzia vipande vilivyokatwa na kutobolewa tayari. Kuunganisha ni juu yako. Chama chao, EAA, kilianzishwa Milwaukee mwaka 1953 na Paul Poberezny, na mkutano wake wa kila mwaka huko Oshkosh, Wisconsin, hugeuza mji ule mdogo kuwa uwanja wa ndege wenye pilikapilika kupita viwanja vikubwa. Kampuni ya Richard VanGrunsven ya Oregon peke yake imeuza vipande vya ndege za RV ambazo zaidi ya 11,000 zimekwisha kuruka. Barani Afrika kitovu ni Afrika Kusini, zinakotoka ndege za Sling. Mwaka 2019 kundi la vijana wa huko liliunganisha Sling 4 wenyewe, ikarushwa kutoka Cape Town hadi Cairo, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vyao.

Kwa hiyo hatuzungumzii vichekesho vya mitandaoni vya ndege za mabati zisizonyanyuka. Hizi zinanyanyuka vizuri, na nyingine zina kasi kuliko ndege za kiwandani zenye injini ileile. Tofauti iko kwingine. Cessna 172 mbili zilizotoka kiwandani mwaka mmoja zina vali ileile, mahali palepale, inayogeuka upande uleule. Ndege kumi za kujiundia zilizotokana na ramani moja ni ndege kumi tofauti. Mmoja kaona pampu ikae juu, mwingine kapitisha bomba upande wa kulia kwa sababu kushoto ameweka redio, wa tatu kapata injini ya bei nafuu. Kila badiliko lina sababu yake nzuri, na kila badiliko ni jaribio ambalo halijawahi kufanywa na mtu mwingine.

Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa uchunguzi wake mkubwa juu ya ndege hizi. Katika mwaka 2011 ilichunguza ajali 224, na 54 kati yake zilikuwa na vifo. Ndege za kujiundia zilikuwa takriban asilimia 10 ya ndege zote ndogo za nchi ile, lakini zilichukua asilimia 15 ya ajali na asilimia 21 ya ajali zenye vifo. Mambo mawili yaliongoza kwa mbali: injini kupoteza nguvu, na rubani kushindwa kuidhibiti ndege angani. Nitayatazama pamoja, kwa sababu mara nyingi la pili huzaliwa na la kwanza.

Petroli kwanza

Injini ya petroli inataka mafuta, hewa na cheche. Kwenye ndege za kujiundia mafuta ndiyo yanayosumbua sana, na sioni ajabu: umbo la bawa linafuata ramani, lakini njia ya petroli kutoka tangini hadi kwenye kabureta ndipo muundaji anapojiona ana uhuru wa kupanga atakavyo.

Anza na tangi lenyewe. Tangi la alumini lililopigwa ribiti huzibwa kwenye maungio ili lisivuje. Zamani ulikuwapo mtindo wa kumimina kizibio cha majimaji ndani ya tangi zima na kulizungusha mpaka kienee kuta zote. Miaka ikipita, kizibio kile hubanduka vipande vipande kama ngozi, na kipande kimoja kikikaa juu ya mdomo wa bomba, kazi imekwisha. Kwenye tangi la faibagilasi adui ni vumbi la msasa. Umelipangusa, umelipuliza, unaliona safi. Ndege ikitikisika kwa mara ya kwanza juu ya mawimbi ya hewa ya mchana, vumbi lililobaki pembeni linashuka lote kwenye chujio.

Jambo linalowatega wengi ni kwamba mfumo wenye kasoro huonekana mzima ukiwa ardhini. Injini ikinguruma polepole hunywa kidogo, na pua ya ndege iko sawa. Wakati wa kupaa mambo mawili hubadilika kwa pamoja: injini inataka mafuta kwa wingi wake wote, na pua inainuka, hivyo kabureta inakuwa juu zaidi kuliko ilivyokuwa. Kama petroli inashuka kwa uzito wake tu bila pampu, ule mteremko mdogo uliokuwa ukiisukuma unapungua. Ndipo injini inapokohoa, ndege ikiwa mita 100 juu ya mwisho wa njia ya kurukia, mahali pabaya kuliko pote.

Kipimo cha kuzuia haya kipo na hakihitaji mtambo. Unaiinamisha ndege mkia chini mpaka pua ifikie pembe ya kupaa, hata kuzidi kidogo. Unafungua mpira kwenye kabureta, unaweka dumu, unashika saa. Kanuni ya siku nyingi ni kwamba mfumo wa mteremko mtupu uweze kupitisha asilimia 150 ya mafuta ambayo injini hunywa wakati wa kupaa, na wenye pampu asilimia 125. Chukua injini inayokunywa lita 36 kwa saa ikiwa imefunguliwa yote, yaani lita 0.6 kwa dakika. Kwa mteremko mtupu, dumu lako linapaswa kupata lita 0.9 katika dakika moja, na lipate hivyo hata tangi likiwa limebakiwa na mafuta kidogo. Likipata 0.7, usijidanganye kwamba inatosha kwa sababu ni zaidi ya 0.6. Chujio likipata uchafu kidogo tu, umefika sifuri ya akiba.

Kisha lipo tundu la kupumulia la tangi. Petroli ikitoka lazima hewa iingie, la sivyo tangi linajinyonga lenyewe. Nyigu hupenda sana vijibomba vile, na rubani asiyevichungulia kabla ya kuruka anaweza kupaa na udongo wa nyigu umeziba kabisa. Barafu nayo huziba. Septemba 1936 Beryl Markham, aliyekulia Kenya, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi akiwa na ndege aina ya Vega Gull yenye usajili wa Kenya, VP-KCC. Injini ikafa kwa kukosa mafuta, na maelezo yanayokubalika ni kwamba barafu iliziba matundu ya kupumulia. Akaiangusha kwenye matope ya Cape Breton, pua ikazama, yeye akatoka na jeraha la paji la uso. Ndege ile ilikuwa ya kiwandani, naitaja ili ieleweke kwamba tatizo halichagui. Kinachobadilika ni kwamba kiwandani tundu lile liliwekwa na watu waliokwisha kuona mengine kumi yakiziba.

Mpira ukipita karibu na bomba la moshi, petroli huchemka ndani yake na kugeuka mvuke, na pampu iliyozoea kuvuta majimaji hubaki ikivuta hewa. Petroli ya magari huchemka mapema kuliko petroli ya ndege, na ndege nyingi za kujiundia hutumia ya magari. Dawa ni kuuvisha mpira soksi ya kuzuia joto, na kuiweka pampu chini, karibu na tangi, ili isukume badala ya kuvuta.

Na barafu ya kabureta? Hapa msomaji wa pwani aniazime sikio, kwa sababu inamhusu. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta huiba joto, na hewa ikipita kwenye koo jembamba hupoa zaidi. Joto mle ndani linaweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 28 yenye unyevu mzito, ile ya Tanga au Mombasa ambayo shati linaganda mgongoni, inaweza kutengeneza barafu ndani ya kabureta, hasa rubani akiwa amepunguza moto wa injini ili ashuke. Ndege huwa na mpini wa kuingiza hewa ya moto iliyopita kwenye bomba la moshi. Ukiuvuta wakati barafu imekwisha kuganda, barafu inayeyuka, maji yanaingia kwenye silinda, na injini inatetemeka vibaya kuliko mwanzo. Rubani mgeni anaona ameharibu, anaurudisha. Angevumilia sekunde chache tu ingekaa sawa. Ubaya wa barafu hii ni kwamba haiachi ushahidi: mafundi wakifika injini imepoa, kabureta ni kavu, wanaiwasha na inanguruma vizuri.

Ndege ya John Denver

Tarehe 12 Oktoba 1997, jioni, mwanamuziki wa Marekani John Denver alipaa kutoka uwanja wa Monterey, California, akiwa peke yake. Alifanya mizunguko mitatu ya kugusa njia na kupaa tena, kisha akaelekea baharini. Mashahidi walioko ufukweni Pacific Grove waliiona ndege ikiwa chini, kama mita 150 juu ya maji, wakasikia mlio ukikatika, wakaiona ikijiinua pua kidogo, ikalala kulia, ikachoma majini. Denver hakuwa mwanafunzi. Alikuwa na saa zaidi ya 2,700 za urubani.

Ndege ilikuwa Long-EZ, moja ya kazi za mbunifu wa ndege Burt Rutan: bawa dogo mbele, propela nyuma, rubani ameketi kama amelala. Ni umbo ambalo limefanywa makusudi lisipoteze udhibiti kirahisi kwenye kasi ndogo. Ina matangi mawili, moja kila bawa, na hayawezi kutumika kwa pamoja. Unachagua la kushoto au la kulia, na moja likikauka unageuza vali kwenda la pili. Kwenye ramani za Rutan, vali ile inakaa mbele ya rubani, katikati ya miguu.

Muundaji wa ndege hii hakuwa Denver. Aliyeiunda aliona si salama kupitisha mabomba ya petroli ndani ya chumba cha rubani, hoja ambayo mtu yeyote mwenye akili anaweza kuikubali. Akaihamisha vali nyuma kabisa, na mpini wake ukatokeza juu ya bega la kushoto la rubani, kwa nyuma. Haukuwa na alama. Mwelekeo wake nao haukulingana na kitu chochote: ukiugeuza kulia unafungua tangi la kushoto, ukiuelekeza chini unafungua la kulia, juu ni kufunga. Vipimo vya mafuta vilikuwa vioo vya kuchungulia nyuma ya kiti, navyo havikuwa na alama za kiasi.

Siku moja kabla, Denver alikuwa amepewa mafunzo ya kuizoea ndege kwa takriban nusu saa. Siku ya ajali yeye na fundi walihangaika na mpini ule. Wakajaribu kuurefusha kwa koleo la kubana, bado haukufikika vizuri. Fundi akampa kioo kidogo cha mkononi ili aweze kutazama vipimo vilivyo nyuma yake. Denver akasema akiwa angani ataiachia ndege ijiendeshe yenyewe ikiwa imenyooka, ndipo ageuke kuhangaika na vali. Akaulizwa kama ajaziwe mafuta, akakataa kwa kuwa angeruka kama saa moja tu.

Wachunguzi walikaa kwenye kiti cha ndege ya aina ileile wakaiga. Ili kuufikia mpini ilibidi kuachia usukani, kuunyoosha mkono wa kulia na kuupitisha juu ya bega la kushoto, na kugeuza kiwiliwili. Mwili ukigeuka hivyo unatafuta pa kujiegemeza, na mguu wa kulia unakanyaga. Kilichopo mbele ya mguu wa kulia ni kanyagio la kuigeuza ndege kulia. Ndege inageuka kulia na kuangukia huko, rubani akiwa amegeuza uso nyuma.

NTSB ilisema chanzo ni rubani kupotezwa makini na kukanyaga bila kukusudia alipokuwa akishughulika na vali, na ikaorodhesha waliochangia: kutojaza mafuta, mafunzo haba ya ndege ile, mpini usio na alama mahali pasipofikika, vipimo visivyosomeka. Mimi naisoma orodha ile nikiona kwamba hakuna hata kipande kimoja cha chuma kilichovunjika. Injini ilikuwa nzima na tangi la pili lilikuwa na petroli. Hitilafu ilikuwa imechorwa ndani ya ndege miaka mingi kabla, na mtu aliyejua namna ya kuishi nayo alikuwa amekwisha kuiuza.

Injini za kuazima

Injini mpya ya ndege, Lycoming kwa mfano, hugharimu pesa ambazo zingenunua gari zuri na chenji ikabaki. Ndiyo maana waundaji wamehangaika miaka mingi na injini za magari. Ya Volkswagen ya kobe ndiyo ya kwanza kufikiriwa, kwa kuwa hupozwa na hewa na ni nyepesi. Tatizo lake ni kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Iliundwa izungushe klachi na gia boksi, si kubeba propela inayong'ang'ana kubaki ilivyo kila pua ya ndege inapoinuka au kugeuka. Mizigo ile huipinda kranki kidogo kidogo mahali propela inaposhikwa, mpaka ufa unatokea. Waliotumia injini ya Chevrolet Corvair walikutana na jambo lilelile miaka ya 2000, kranki kadhaa zikakatika, na suluhisho likawa kuongeza beringi ya tano upande wa propela. Ni suluhisho zuri. Lakini lilipatikana kwa njia ya watu kutua mashambani.

Subaru ilileta shida ya aina nyingine. Ndani yenyewe ni ngumu, hufi nayo kwa kranki. Ila inategemea umeme: kompyuta, pampu ya umeme, cheche ya umeme. Injini ya ndege ya jadi ina magneto mbili zinazojizalishia cheche bila betri, na plagi mbili kwa kila silinda. Zima umeme wote wa ndege na itaendelea kunguruma. Ukiweka injini ya gari halafu ukaacha betri moja, waya mmoja wa ardhi na fyuzi moja, umeifanya fyuzi ile kuwa sehemu ya injini. Ongeza gia ya kupunguza mizunguko, ambayo watu wengi waliichonga wenyewe, na rejeta iliyosongwa mahali isipopata upepo, utaelewa kwa nini Subaru nyingi zimebadilishwa kuwa Lycoming baada ya miaka miwili mitatu.

Hata injini zilizoundwa kwa ajili ya ndege nyepesi zinatofautiana. Bodi ya uchunguzi ya Australia, ATSB, ilihesabu hitilafu za injini zilizoripotiwa kwenye ndege ndogo, za kiwandani na za kujiundia pamoja, kati ya 2009 na 2014. Zilikuwa 322. Injini za Jabiru zilichukua 130, za Rotax 87. Ukilinganisha na idadi ya ndege zilizopo, ni karibu ndege 1 kati ya 10 kwa Jabiru, na 1 kati ya 36 kwa Rotax. Kilichosumbua sana Jabiru ni bolti ndefu zinazopita kwenye bloku kushikilia silinda, ambazo zilikatika kwa uchovu wa chuma. Mwishoni mwa 2014 mamlaka ya Australia iliweka masharti, mojawapo likiwa abiria kutia saini kwamba anajua hatari anayoiingia. Yalilegezwa mwaka 2016. Rotax nayo ina kero zake, kama maboya ya kabureta yanayofyonza petroli yakazama, na mipira ambayo kiwanda kinataka ibadilishwe kila miaka 5 hata kama inaonekana mpya. Wamiliki wengi huona huo ni wizi wa kiwanda. Si wizi.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Nati ya kujifunga yenye plastiki ndani haifai karibu na bomba la moshi, kwa kuwa plastiki huyeyuka na nati hufunguka kwa mtetemo. Silikoni ya bomba la dukani haitakiwi popote petroli inapopita. Kwenye ndege zenye propela nyuma, kama Long-EZ, chochote kinachochomoka mbele, hata kipande cha bomba la moshi, kinapita kwenye propela. Na kifuniko cha kioo kilicho juu ya rubani, kikisahaulika kufungwa, kimeua watu ambao ndege zao zilikuwa nzima kabisa: kinafunguka kwa kishindo, rubani anahangaika nacho, anaisahau kasi.

Baada ya ukimya

Injini ikizima ndege haianguki kama jiwe. Inateleza. Ndege ndogo ya kawaida husogea mbele kama mita 9 kwa kila mita 1 inayoshuka. Ukiwa mita 300 juu una kama kilomita 2.7 za kuchagua pa kutua, na dakika moja hivi. Kinachoua ni kuvuta pua juu ili kurefusha mteremko. Kasi inashuka, bawa linaacha kubeba, upande mmoja unadondoka kabla ya mwingine, na kwenye kimo kile hakuna nafasi ya kuirudisha.

Mtego mkubwa ni kutaka kurudi uwanjani. Injini imezima dakika ya kwanza, njia iko nyuma yako, ndefu na laini, na mbele ni miti. Lakini kugeuka huko si nusu mduara, ni zaidi, kwa sababu lazima urudi kwenye mstari ulioutoka. Ukiilaza ndege nyuzi 45, kasi ambayo bawa huacha kubeba inapanda kwa asilimia 19: iliyokuwa kilomita 80 kwa saa sasa ni 95. Ukiilaza nyuzi 60, inakuwa 113. Nazo zile sekunde tatu nne za kutoamini zimekwisha kukugharimu kimo. Walimu wengi huwapa wanafunzi kimo fulani ambacho chini yake hakuna kugeuka, ni mbele tu na pembeni kidogo. Kwa ndege ya kujiundia namba hiyo haipo kwenye kitabu chochote. Lazima muundaji aipime mwenyewe, juu sana, akiwa ameishusha injini hadi mwisho, na hata kipimo cha kasi anachokitegemea inabidi akihakiki, kwa sababu yeye ndiye aliyechagua tundu la hewa la kipimo likae wapi.

Mbele penye vichaka si hukumu ya kifo. Ndege inayogusa kwa kilomita 80 kwa saa ikisimama katika mita 3 tu humpa rubani mkandamizo wa kama mara 8 ya uzito wake, na mwili uliofungwa mikanda ya mabegani huuhimili. Kwa kilomita 120 mita zilezile 3 humpa karibu mara 19. Upepo nao unahesabika: kwa ndege ya kilomita 80, upepo wa 20 ukiwa usoni unagusa ardhi kwa 60, ukiwa mgongoni kwa 100, na nguvu ya kugonga inakuwa karibu mara tatu. Kwa hiyo afadhali shamba la mihogo unalolifikia ndege ikiwa bado inaruka, mabawa sawa, upepo usoni, mafuta na umeme vimefungwa, kifuniko kimelegezwa kisijikwame, kuliko lami unayoifikia umelala ubavu.

Kwa desturi Marekani huitaka ndege mpya ya kujiundia iruke saa 25 au 40 za majaribio, kutegemea injini na propela, ikiwa mbali na makazi na bila abiria. Kwa miaka mingi hilo lilimaanisha muundaji peke yake, naye mara nyingi ni mtu aliyekaa gerejini miaka saba bila kuruka, pesa zote zikiishia kwenye ribiti. Mwaka 2014 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilikubali rubani wa pili mwenye uzoefu akae naye. Uingereza ina njia nyingine: mkaguzi wa Light Aircraft Association hupita hatua kwa hatua wakati ndege ikiundwa na kutia saini kabla bawa halijafunikwa. Marekani mkaguzi huja mwishoni, wakati mengi yamekwisha kufichwa.

Lakini hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayomgusa sana mnunuzi wa pili, na uchunguzi wa 2012 ulikuta zaidi ya nusu ya ndege zilizopata ajali zilikuwa zimenunuliwa zikiwa zimetumika. Kununua ndege hizi ni kama kuhamia nyumba ambayo umeme uliwekwa na mwenye nyumba mwenyewe: swichi ya jikoni inawasha taa ya choo, na aliyejua hivyo amekwisha hama. Mnunuzi mwenye busara humwomba muuzaji wakae naye siku nzima, avue vifuniko vyote, amwonyeshe njia ya petroli kwa kidole kutoka tangi hadi kabureta, na amweleze kila alipoiacha ramani na kwa nini. Kisha anakaa kwenye kiti, anafunga mikanda kabisa, anafumba macho na kugusa kila kitu atakachohitaji injini ikizima. Kisichofikika kinahamishwa kabla ndege haijaondoka gerejini, hata kama ni wiki tatu za kazi.

Na aliyetua salama shambani asijaribiwe kuirusha kutoka palepale baada ya kubadilisha chujio. Shamba lililotosha kutulia aghalabu ni fupi mno kupaa, na hakuna aliyethibitisha kwamba chujio ndilo lililokuwa kosa. Mabawa yafunguliwe, ipakiwe kwenye lori.